Kwa Nini Makori Hubadilika Rangi Garini

Gesare wa Ikonge alikuwa mtu wa kuuliza. Ukimwambia chai huchumwa majani mawili na chipukizi, atataka kujua mbona si matatu. Mumewe Ombati alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alipenda kutania kwamba darasa zima la watoto arobaini halimchoshi kwa maswali kama mke wake mmoja.

Mwaka wa 1974 Gesare alijifungua mtoto wake wa kwanza, Makori. Makori hakungoja siku zake. Alikuja miezi miwili mapema, mdogo hata nguo zote zilimpwaya. Walikaa hospitalini mjini Kisii majuma sita. Siku ya kuruhusiwa, daktari aliwaeleza waziwazi: kila baada ya majuma mawili, siku ya Jumatatu, mtoto aletwe apimwe uzito na pumzi. Mapafu yake bado ni machanga. Asipoletwa, shida inaweza kuanza kimyakimya, na watu wa nyumbani wasiitambue mpaka imekuwa kubwa.

Kwenda mjini hakukuwa taabu kwao. Ombati alikuwa na Peugeot kuukuu, aliyoinunua kwa mwalimu Mzungu wa shule ya Nyanchwa aliyekuwa akirudi kwao. Tena walikuwa na kiti cha mtoto cha kufunga garini. Walipewa zawadi na Indira, mama mwenye duka la vitambaa mjini, ambaye Gesare alikuwa mteja wake wa siku nyingi. Kiti hicho kilitoka Uingereza. Kilikuwa cha plastiki ngumu, chenye mto mwekundu na mikanda ya kupita mabegani. Ikonge haikuwa imeona kitu kama hicho. Wengine walikuja kukitazama kiti, wakasahau kabisa kumuulizia mtoto.

Mtoto mwenyewe nyanya yake, Mong'ina, hakumwonyesha ovyo. Mong'ina alikuwa mama yake Ombati, na kwake mtoto mchanga hafunuliwi mbele ya kila mpita njia. Alilelewa akijua kwamba kuna watu wenye jicho baya, nao wakimkazia mtoto macho, mtoto huugua. Basi Jumatatu ya kwanza ilipofika, alimviringisha Makori katika blanketi mbili na shali, maana baridi ya Ikonge asubuhi si mchezo. Akamketisha kitini na kufunga mikanda juu ya furushi lote. Mwisho akamfunika uso kwa leso, na gari likaondoka.

Walipofika hospitalini Gesare aliinua ile leso. Midomo ya Makori ilikuwa ya buluu.

Alimnyakua, akamweka begani. Makori alikohoa kidogo, akavuta pumzi, na rangi ikarudi. Daktari alimpima, akasikiliza kifua, akasema hasikii kitu kibaya. Kurudi nyumbani Gesare alimpakata, na mtoto hakubadilika. Lakini Jumatatu iliyofuata ya kwenda mjini mambo yakawa yale yale, na safari hii Makori alichelewa zaidi kurudi katika hali yake. Gesare aliketi chini sakafuni pale hospitalini.

Nyumbani kukawa na baraza. Mong'ina alisema wazi kwamba gari hupita katikati ya soko la Ikonge, na huko kuna aliyemtazama mtoto. Ombati alisema ni moshi wa petroli. Wote wawili walikubaliana jambo moja: Makori asipelekwe tena mjini mpaka apate nguvu.

Gesare alipima pande zote mbili. Akimpeleka, anaweza kumpoteza njiani. Asipompeleka, nani atayasikiliza mapafu yale machanga? Halafu lile swali lake la siku zote likamkaa kichwani likakataa kutoka. Kwa nini garini tu? Kitandani Makori hupumua vizuri. Begani hupumua vizuri. Garini kuna nini?

Alianza na moshi. Alimwomba Ombati awashe gari uani, akaketi ndani na Makori begani, madirisha yamefunguliwa kama siku ya safari. Walikaa hivyo kitambo. Makori alipiga miayo, akalala, midomo ikabaki na rangi yake. Ombati alikuna kichwa, akakiri kwamba moshi hauna hatia.

Kesho yake Gesare alikileta kile kiti chumbani. Hapakuwa na gari, wala soko, wala mtu mgeni wa kutazama. Alimketisha Makori bila leso usoni, akachuchumaa mbele yake akimwangalia bila kupepesa. Kwanza hakuona kitu. Baadaye kidogo kichwa cha Makori kikaanza kuinama polepole. Kidevu kikagusa kifua. Mbavu zikaanza kuvutwa ndani, na midomo ikaanza kupoteza rangi. Gesare hakungoja zaidi. Alimtoa, akamnyoosha begani, na pumzi ikaja mara moja.

Hakubadilisha hata nguo. Alimbeba Makori mpaka zahanati, kwa muuguzi aliyeitwa Sista Bonareri, akamsimulia yote.

Sista Bonareri alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha, badala ya kujibu, alimwambia, "Mama Makori, inamisha kichwa. Bana kidevu kifuani, kwa nguvu. Sasa vuta pumzi."

Gesare alijaribu. Hewa ilipita kwa shida. Aliinua kichwa haraka.

"Wewe umekiinua kichwa kwa sababu shingo yako ina nguvu," Sista alisema. "Makori hana nguvu hizo. Aliyezaliwa kabla ya wakati shingo yake ni laini, na kichwa ni kizito. Akiketishwa wima kichwa huanguka, njia ya hewa hujikunja, na yeye hawezi hata kulia akuite."

"Na mimi nilikuwa nimemfunika uso," Gesare alisema, na machozi yakamtoka.

Sista alimwacha alie kidogo. Kisha akamsifu kwa kutazama kwa makini, ila akamwonya asirudie jaribio lile peke yake nyumbani, maana lingeweza kumshinda. Kazi hiyo hufanywa mbele ya mhudumu wa afya. Siku ya pili Sista alikuja nyumbani, akakikagua kiti chenyewe. Nyuma yake palikuwa na kibati kidogo chenye maandishi, ambacho hakuna aliyekuwa amekisoma, hata Mwalimu Ombati. Kilisema kwamba kiti ni cha mtoto anayeweza kukaa mwenyewe na mwenye uzito wa ratili ishirini, yaani kilo tisa hivi, au zaidi. Makori alikuwa na ratili saba. Ombati aliyasoma maneno yale mara mbili. Mwalimu naye hupitwa.

Gesare alikuwa na maswali tele. Je, wakitia mito nyuma ya mtoto ili alale kidogo? Sista alikataa. Mito na blanketi nzito chini ya mikanda huacha nafasi, na breki zikishikwa ghafla mtoto huchomoka. Je, ampakate, kama alivyofanya siku ile? Hapo napo Sista alikataa. Gari likigonga kitu, hakuna mikono inayoweza kumzuia mtoto, hata iwe ya mama. Makori alihitaji kusafiri amelala chali, ndani ya kitu kilichofungwa imara, na mtu wa kumwangalia kando yake.

"Kitu hicho kiko wapi?" Gesare aliuliza.

"Sijui," Sista alisema. "Muulize aliyekupa kiti."

Hilo lilimpa Gesare kazi. Kwao zawadi hairudishwi. Kumrudishia mtu alichokupa ni kama kumtemea mate mlangoni. Alifika dukani kwa Indira, akaulizia bei ya vitambaa ambavyo hakuvitaka, akazunguka huku na huku, mpaka Indira mwenyewe akamuuliza ana nini. Gesare alimweleza kwa sauti ndogo. Indira alishika kifua. Alisema hakujua, mwanawe alitumia kiti hicho akiwa mkubwa wa mwaka mzima. Alimzuia kukirudisha. Kisha akapanda ghorofani, akakawia, akashuka na kitanda kidogo cha kubebea mtoto, kilichokuwa cha mtoto wa wifi yake. Kilitengenezwa kwa ajili ya gari. Kilikuwa na mikanda miwili ya kukifunga kwenye chuma cha gari, na mkanda mpana wa kumzuia mtoto ndani.

Sista Bonareri hakuamini macho tu. Alimlaza Makori humo juu ya benchi la zahanati, akamtazama kwa saa nzima huku akihesabu pumzi zake. Kichwa hakikuinama. Midomo haikubadilika. Akamwandikia daktari barua, na jibu likarudi kwamba kinafaa. Fundi Onsongo akafunga mikanda kwa skrubu nene kwenye chuma cha sakafu ya gari. Alikivuta kitanda kwa mikono miwili, na hakikusogea.

Ikabaki leso. Mong'ina alisema hatakubali mjukuu wake apitishwe sokoni uso wazi. Gesare alitaka kujibu kwa ukali, lakini Sista, aliyekuwa amekuja kuwaaga, alimtangulia.

"Nyanya," alisema kwa heshima, "mtoto huyu anahitaji macho ya mtu mmoja anayempenda, toka hapa mpaka Kisii. Mama yake atachoka. Je, wewe utaweza?"

Mong'ina aliinuka. Halafu alichukua leso yake, akatoka, akaitundika ndani ya dirisha la nyuma la gari, upande wa soko. Uso wa Makori ukabaki wazi, na Mong'ina akaketi kando ya kichwa chake.

Jumatatu hiyo Makori alivaa nguo nyepesi. Mkanda ulifungwa kwanza, kisha blanketi ikatandazwa juu yake mpaka kifuani tu. Karibu na Nyamira ng'ombe alikatiza barabara, na Ombati akakanyaga breki kwa nguvu zote. Kikapu cha ndizi kiliruka kikagonga kiti cha mbele. Gesare aligonga kichwa mlangoni. Kitanda hakikusogea, na Makori hakuamka.

Hospitalini daktari alimtazama midomo, akamweka mizanini, akatabasamu. Alisema wasikitupe kile kiti. Makori akifikia uzito ulioandikwa kwenye kibati na kukaa mwenyewe bila kuyumba, wamlete kwanza apimwe ndani yake. Kisha akauliza kama mtoto aliacha kupumua njiani, hata mara moja.

Gesare alifungua mdomo kujibu, lakini Mong'ina alimshika mkono. Alifungua fundo la nguo yake, akamimina punje za mahindi juu ya meza ya daktari.

"Mimi sikusoma," alisema. "Kuhesabu kwangu kunafika mia. Kila alipovuta pumzi mia, nilifunga punje moja. Zihesabu mwenyewe, daktari. Hakuna pumzi iliyonipita."

Daktari alizihesabu. Zilikuwa punje ishirini na sita.