Spika ya Hermani Imekataa Simu

Siku yenyewe haikuwa na neno. Jumamosi mchana, Maretadu, ukungu umeshapanda kutoka bondeni, na Marieta kakaa uani anapepeta maharage. Kesho yake padre angekuja kusoma misa ya kumkumbuka Hermani, kitinda mimba wake, aliyefariki miezi minane iliyopita. Kijana mzima kabisa, jamani. Alitoka shamba asubuhi, akasema kichwa kinamgonga, akajilaza. Jua lilipofika utosini walikuwa wanamfunika shuka. We acha tu.

Hermani ndiye aliyekuwa sauti ya kwaya ya kigango. Nyimbo zake zilibaki kwenye simu ya Mwalimu Idd, kijana wa Pangani aliyepangiwa shule ya pale. Marieta alitaka jambo moja tu: mwanawe asikike tena nyumbani kwao, kwenye spika yake mwenyewe, ile nyekundu aliyoinunua mnadani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Kaa. Kidude chenyewe hiki hapa."

Idd si mtu wa kushindwa na kidude. Alikizima, akakiwasha. Akabonyeza kitufe mpaka taa ikapepesa. Akafuta kila kitu kwenye simu, akaanza upya. Kila mara yule dada wa ndani ya spika alisema "konektedi", lakini kwenye simu ya Idd hamna kitu.

"Mama, hii imeshashikwa na simu nyingine. Ya Hermani iko wapi?"

"Ilipotea siku ile ile ya msiba. Tulitafuta tukachoka."

Idd akacheka. "Basi mwizi tumempata! Blutuu haifiki mbali, mama. Hatua ishirini, ikizidi sana. Simu iko hapa hapa, na imewashwa."

Marieta akatupa ungo. Kumwibia maiti! Alinyanyuka kwa hasira, akatangulia na spika mkononi.

Barabarani spika iliachia, simu ya Idd ikaingia palepale. Waliporudi uani, ikanyang'anywa. Wakazunguka nyuma ya nyumba, kaburini. Huko nako ikaachia. Idd akashusha pumzi, maana wazo kwamba simu inashika kutoka kaburini lilikuwa limeshampitia. Marieta yeye alizidi kuingiwa na baridi. Kama kuna mahali mwanawe alipaswa kuwepo, ni hapo.

Ilishika tena mpakani, kwenye stoo ya mahindi ya shemeji yake, Severine. Mlango wa mbao, kufuli kubwa.

Spika ikaanza kutoa sauti. Punje. Mahindi yanapukuchuliwa kwa mkono, yanaangukia kwenye debe. Kisha kikohozi. Marieta alikijua kikohozi kile. Alikisugulia mafuta kifuani tangu Hermani ananyonya.

"Mama," ilinong'ona spika. "Msinisomee misa. Bado."

Marieta aligonga mlango mpaka viganja vikachubuka. "Hermani! Mwanangu, niko hapa!" Severine akaja polepole, ufunguo mkononi.

"Shemeji, kulikoni?"

Akafungua bila kuombwa. Magunia. Debe la punje. Hamna mtu, hamna dirisha. Sakafuni palikuwa na bakuli la pumba iliyokorogwa, bado inatoa mvuke. Vidole vitano vilikuwa vimechota upande mmoja.

"Cha mbwa," alisema Severine.

Severine hafugi mbwa.

Marieta alikwenda mbio kwa katekista Felician, amzuie padre, Idd nyuma yake. Felician alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Mama Hermani, hiyo ni huzuni. Ukisema Severine kamfanya msukule, anamlisha pumba, watu watashika mapanga. Mwache mtoto apumzike."

"Hajapumzika! Muulize mwalimu."

Idd aliangalia viatu vyake. "Mimi ni mgeni hapa, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Sikusikia vizuri."

Misa ikasomwa. Uani palijaa, Severine kakaa mstari wa mbele. Marieta aliipakata spika imewashwa, kaishikilia kwa mikono miwili. Taa ya bluu ilitulia. Bado ameshikwa. Bado yupo. Padre akamwombea marehemu pumziko la milele, watu wakaitika kwa pamoja.

Taa ikazimika. Ikawaka. Bila mtu kugusa kitu, simu ya Idd ikaingia.

Hermani akaimba. Sauti safi, uwanja mzima. Watu wakapiga vigelegele, wengine wakafuta machozi.

"Imekubali, mama!" alisema Idd.

Marieta akaachia yowe, akakimbilia mpakani. Stoo ilikuwa wazi, imefagiliwa, haina hata gunia. Katikati ya sakafu palikuwa na simu ya Hermani, imefunikwa vumbi. Akaibandua mfuniko wa nyuma. Betri haikuwemo. Mahali pake palikuwa pameshindiliwa pumba.

Watu walisema uchungu wa mama hauna dawa, wakala, wakaaga, wakaenda zao. Idd aliomba uhamisho kabla muhula haujaisha.

Mpaka leo, kila asubuhi, Marieta anaiwasha ile spika, anasimama barazani, anamsihi yeyote anayepita ajaribu simu yake. Wapitaji wanamhurumia, wanajaribu. Yeye anafumba macho, anasubiri ikatae.

Inakubali.