Sidii Iliyosuguliwa kwa Jivu

Kila siku baada ya vipindi, Nusaiba alipitia kwanza chumba cha kompyuta kabla ya kurudi nyumbani Mitwero. Kazi yake ilikuwa kufuta vumbi, kufunika mashine kwa kitambaa na kufunga madirisha. Alikuwa Darasa la Sita na kiongozi wa klabu ya kompyuta, na cheo hicho kilimkaa vizuri mno. Mtoto wa madarasa ya chini akinyoosha mkono kugusa kibodi, Nusaiba alikohoa tu, na mkono ule ukarudi wenyewe.

Kwa miaka mingi shule ilikuwa na kompyuta moja, kubwa na nzito, iliyonguruma kila ilipowashwa. Ndani yake kulikuwa na mchezo ambao watoto waliuita Chura Hesabu. Chura alisimama ukingoni mwa mto. Ukijibu hesabu sawasawa aliruka jiwe moja mbele. Ukikosea alitumbukia majini na kutoa mlio wa kuchekesha. Watoto wa Darasa la Tatu, ambao ubaoni walizikimbia hesabu, siku ya Ijumaa walisukumana mlangoni ili wamvushe chura huyo.

Muhula huo shule ikapata kompyuta mpya, nyembamba na nyepesi. Jumatatu Mwalimu Yustina, mlezi wa klabu, alichomeka kisoma sidii kwa waya na kuweka ndani sidii ya mchezo. Kompyuta ikafikiri kidogo, kisha ikaandika kwamba programu hiyo haiwezi kufanya kazi humo.

"Mbovu, mwalimu?" aliuliza Rashidi, mvulana mrefu wa Darasa la Sita ambaye magoti na viwiko vyake havikuwahi kukosa cha kugonga.

"Hapana. Mchezo ni wa zamani, mashine ni ya kisasa, hawaelewani," alisema Mwalimu Yustina. "Mdogo wangu Stefano, yule fundi wa Lindi mjini, ana programu inayoifanya kompyuta mpya ijifanye ya zamani. Ataileta Ijumaa. Kabla ya hapo, sidii hii asiiguse mtu."

Wanaklabu wengine walielewa. Nusaiba naye alisikia, lakini akajiona anajua zaidi. Karibu na kwao kulikuwa na banda la video, na mara nyingi alimwona mwenye banda akipaka sidii dawa ya meno filamu inapokwama. Akiifuta, filamu inaendelea. Basi na hii ni uchafu tu, aliwaza. Alijiona Ijumaa akiwasha mchezo mbele ya watu wote kabla hata Stefano hajafungua mkoba wake. Jumanne, alipokuwa akifunga madirisha, aliitoa sidii kwenye kasha lake na kuitia katikati ya daftari.

Nyumbani dawa ya meno ilikuwa imekwisha. Lakini Nusaiba alikuwa na ufundi wake. Katika nyumba ile sufuria zilisuguliwa kwa jivu na kumbi la nazi mpaka unajiona uso, na Bibi Ziada, mama wa baba yake, aliwasifia wageni sufuria za mjukuu wake. Basi Nusaiba akachota jivu, akalilowesha, akachukua kumbi na kuisugua sidii, akizungusha mkono kama alivyozoea. Akaisuuza, akaiegemeza kwenye uchanja kati ya sahani.

Ilipokauka, aliiinua juani. Uso uliokuwa ukimetameta ulikuwa na ukungu, umejaa mikwaruzo ya duara. Aliifuta kwa pindo la kanga. Akaifuta tena. Mikwaruzo haikuondoka. Akajua pale pale kwamba ameiharibu.

Jumatano aliirudisha kwenye kasha kabla mwalimu hajafika. Alijiambia kuwa labda itasoma hivyo hivyo. Hakuamini alichojiambia.

Mchana huo Mwalimu Yustina alimtuma Rashidi apeleke kasha na kisoma sidii kabatini ofisini. Rashidi akajikwaa kizingitini, kasha likaanguka, na darasa zima likaangua kicheko. Alhamisi akapita mnunuzi wa vyuma chakavu na mkokoteni wake, na mwalimu akaitoa ile kompyuta kubwa. Iachiwe nafasi ya nini, wakati mchezo upo kwenye sidii?

Ijumaa Stefano alikuja, akaweka programu yake, akaomba sidii. Kisoma sidii kilikwaruza, kikanyamaza. Mwalimu Yustina aliitoa sidii, akaigeuza, akakunja uso.

"Nani amefanya hivi?"

"Rashidi aliidondosha!" walipayuka watoto.

"Ilianguka ikiwa ndani ya kasha, mwalimu," alisema Rashidi. "Wallahi sikulifungua."

"Usiniapie. Na mashine ya zamani nimeshaitoa, ningejua nisingeitoa," alisema mwalimu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia zaidi kuliko aliyekasirika. "Toka nje. Utarudi kwenye klabu utakapokuwa tayari kusema kweli."

Rashidi alimtazama kila mtu, mmoja mmoja, akitafuta wa kumtetea. Macho yake yalipofika kwa Nusaiba, Nusaiba aliinama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari. Aibu iliwaka masikioni mwake. Alitaka kusema, na maneno yalikuwepo, lakini aliwaza cheo chake, akawaza vicheko, akanyamaza.

Jioni hiyo hakula.

"Mke mwenzangu," alitania Bibi Ziada, kama mabibi wanavyowatania wajukuu, "umesusa wali wangu? Au mume wetu amekuudhi?"

Siku nyingine Nusaiba angemjibu kwa utani mkubwa zaidi. Siku hiyo alisema kichwa kinamuuma, akaenda kulala. Kichwa hakikuwa kikimuuma.

Asubuhi, akitoka kununua nazi, alipita kwenye uwanja wa Mzee Maftaha, mnunuzi wa vyuma chakavu. Juu ya lundo la mabati na rimu za baiskeli aliiona kompyuta ya shule, haijafunguliwa bado. Moyo ukamruka. Mchezo ukipatikana, alijiambia, nani atakumbuka habari ya sidii? Alikimbia hadi nyumbani kwa Mwalimu Yustina.

"Shikamoo mwalimu! Kompyuta yetu nimeiona, iko kwa Mzee Maftaha!"

"Marahaba. Kweli? Twende upesi, asije akaipakia kwenye lori."

Mzee Maftaha hakuwa na maneno mengi. Aliishusha mashine, akaipangusa kwa mkono, akawaambia waichukue, maana watoto wake nao walisoma shule ile. Stefano alikuja kuichukua, akaipeleka mjini ili atoe kile kifaa cha ndani kinachohifadhi kumbukumbu na kuunakili mchezo.

Ikapita wiki nzima. Shuleni Rashidi alikwisha kupewa jina, Mvunja Sidii. Wadogo walimwita hivyo bombani na uwanjani. Kila klabu ilipokutana, alikuja akasimama nje ya dirisha, akatazama ndani. Nusaiba aliketi akiwa amelipa dirisha kisogo, na kila dakika alijua kwamba Rashidi yupo pale.

Ijumaa iliyofuata chumba kilifurika. Stefano aliwasha kompyuta mpya, na chura akatokea. Mara ya kwanza aliruka kwa kasi hata hakuonekana, akavuka mto kabla hesabu haijasomwa.

"Mashine mpya ina mbio zaidi kuliko ile ambayo mchezo uliizoea," Stefano alieleza. "Tunaiambia itembee polepole." Akabonyeza hapa na pale, na chura akatulia juu ya jiwe lake, akipepesa macho. Darasa la Tatu walipiga kelele za furaha.

"Nyamazeni kwanza," alisema Mwalimu Yustina akitabasamu. "Mchezo huu tulikuwa tumeupoteza. Aliyeuokoa ni Nusaiba. Mpigieni makofi!"

Makofi yakalia. Nusaiba alisimama, akageuka, na bila kutaka akatazama dirishani. Rashidi naye alikuwa akipiga makofi. Alikuwa akipiga kwa nguvu, uso umechangamka, amefurahi tu kwamba chura amerudi.

"Njoo uanze wewe," alisema mwalimu, akimvutia kiti.

Nusaiba aliketi. Kwenye kioo palikuwa na hesabu ambayo hata mtoto wa chekechea angeijibu. Vidole vyake havikusogea. Machozi yakaanza kumdondoka juu ya kibodi.

"Sikuuokoa, mwalimu," alisema. "Niliuharibu. Sidii niliichukua mimi, nikaisugua kwa jivu na kumbi kama sufuria. Nilidhani ni chafu. Rashidi hakufanya kitu."

Mwalimu Yustina alikwenda mlangoni.

"Rashidi, ingia, mwanangu." Rashidi aliingia na kusimama mbele yake. "Uliniambia kweli nikakukatalia. Nilikuhukumu kwa kuwa unajikwaa. Nimekukosea, nisamehe."

Rashidi alikubali kwa kichwa. Kisha akamgeukia Nusaiba. Hakupandisha sauti.

"Siku zote hizo nilizosimama pale nje, ulikuwa unaniona?"

"Nilikuona," alisema Nusaiba. Lilikuwa jibu gumu kuliko kukiri kwenyewe. "Nisamehe, Rashidi."

"Sijui bado," alisema Rashidi.

"Ana haki ya kutojua bado," alisema Mwalimu Yustina. Akaweka mkono begani mwa Nusaiba. "Sikiliza, Nusaiba. Nanyi nyote sikilizeni. Kuchukua sidii bila ruhusa ni kosa. Kuisugua kwa jivu ni kutojua, na kutojua kunafundishika. Ungeniambia Jumatano, mashine ya zamani ilikuwa bado hapa, tungenakili mchezo na habari ingeishia hapo. Lakini ulinyamaza, na kimya chako kikambebesha mwenzako mzigo wako. Kifaa kikiharibika tunatafuta kingine. Jina la mtu ukilichafua, ni kazi yako kulisafisha, na pale pale lilipochafuliwa."

"Ndiyo, mwalimu."

"Uongozi wa klabu utauacha kwa sasa. Klabu hutaiacha. Haya, ondoka kitini, mpishe Rashidi."

Jumatatu asubuhi, wanafunzi walipopanga mstari mbele ya bendera, Nusaiba aliomba ruhusa ya kusema. Alitoka mbele. Wadogo wa mstari wa kwanza walianza kunong'ona. Alitamani ardhi imfiche, lakini alipaza sauti ili hata wa mwisho, kule karibu na bomba, asikie.

"Jina mlilompa Rashidi si lake," alisema. "Ni langu."