Kijana Aliyegoma Kutuchinjia Kuku

Jamani watu wa Majengo, nisikilizeni. Jambo hili linanichefua, lakini nikinyamaza litanichefua zaidi.

Kila Krismasi, Swalihu, mtoto wa jirani yangu Rajabu muuza alizeti, alikuja uani kwangu asubuhi kunichinjia kuku. Mimi Mkristo, wao Waislamu. Akichinja yeye, tunakula wote. Idi ikifika, pilau la mama yake, Mwajabu, lilikuja kwangu likiwa bado la moto. Ndivyo tulivyoishi.

Mwaka juzi nilimwita kama kawaida. Alikuwa kidato cha tatu. Alisimama mlangoni, shikamoo hakunipa.

"Mimi sichinjii makafiri," akasema.

Nilidhani utani. Nikamtazama baba yake, naye akatabasamu.

"Msamehe, Mama Obedi. Dini imemwingia. Afadhali hivyo kuliko kubeti."

Ndugu zangu, ni dini gani inayomfundisha mtoto kumtukana mama aliyembeba mgongoni? Imamu wao mwenyewe alishtuka. Alimfuata Rajabu dukani akamwambia, "Swalihu haswali na sisi siku hizi. Muulize anaswali wapi, na nani." Rajabu akanuna, akasema imamu ana wivu.

Shuleni nako, Mwalimu Nathanaeli alimwona ameacha mpira, ameacha marafiki, anakaa dawati la nyuma peke yake. Kwenye ripoti akaandika: mtulivu, ana nidhamu. Mwalimu mzima anafurahia kimya cha mtoto anayepotea.

Na mimi? Nilisusa. Nilitafuta mchinjaji mwingine, nikala kuku wangu, na Swalihu sikumsemesha tena. Najionea kinyaa.

Kumbe alikuwa akishinda chumbani kwa Habibu, muuza kava za simu. Habibu aliwanunulia vijana bando, akawaonyesha video za watu wakiuawa, akawaambia hiyo ndiyo njia ya peponi. Watoto wake mwenyewe aliwapeleka shule ya bweni, na yeye vitani hakwenda. Mwenzenu nikilitaja jina lake natamani kusukutua mdomo.

Mwezi wa tatu mwaka jana Swalihu aliaga kwamba anakwenda kwa shangazi yake Kondoa. Hakufika. Baada ya wiki sita, Mwajabu alipigiwa simu kwa namba asiyoijua.

"Mama, waliniambia nakwenda kusoma. Wamenipa bunduki. Nataka kurudi."

"Uko wapi, mwanangu?"

"Sipajui."

Simu ikakatika. Mwezi uliofuata polisi walileta picha ya maiti, wakamuuliza Mwajabu kama anamfahamu. Alimfahamu. Mwili wenyewe haukuletwa. Habibu yuko rumande sasa, lakini hilo halikumrudishia mama yule chochote.

MAFUNZO

Mzazi, mtoto akianza ghafla kuwachukia aliowapenda, usimsifu wala usimfukuze. Kaa naye, muulize, ujue nani anamnunulia bando. Kiongozi wa dini akikuonya, msikilize. Mwalimu, ukimya si nidhamu. Mwanafunzi akijitenga, mwite umsikilize, kisha uwaite wazazi. Jirani, usisuse. Mtoto aliyekutukana bado ni wa kwako.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi hatukubakiwa na cha kujenga. Hata kaburi la kuzuru, Mwajabu hana.