Picha ya Jovitus Maonyeshoni

Siku Flavia alipokutana na Jovitus, alikuwa anagombana na kikokotoo. Ilikuwa Aprili 1998, Guangzhou, kwenye maonyesho ya biashara pale Liuhua, na watu walivyojaa, ukidondosha hereni ulikuwa huinami kuiokota. Flavia, mwanamke wa Morogoro mwenye duka la nguo Kariakoo, alivaa suti ya kitenge cha njano na viatu vya mchuchumio vilivyokwisha kumuua miguu. Mbele yake Bwana Liang, mwenye kiwanda cha fulana, anabonyeza namba, yeye anafuta, Liang anabonyeza tena.

"Dada, bei hiyo ni ya fulana elfu tano, si mia tano," sauti ya Kiswahili ikasema nyuma yake.

Akageuka. Kijana mrefu, miwani, koti limempwaya, kitambulisho cha mkalimani kinaning'inia shingoni.

"Na wewe umetokea wapi?"

"Bukoba. Naitwa Jovitus."

"Nauliza sasa hivi umetokea wapi!"

"Banda la pili. Nimekusikia unamwita mzee wa watu kichwa maji, nikaona niokoe undugu wa nchi mbili."

Flavia akacheka mpaka Liang naye akacheka bila kujua anachekea nini. Siku hiyo Jovitus akamtafsiria mpaka jioni, kwa sharti moja: "Mimi natafsiri yote. Sipunguzi, siongezi."

Walipokaa kula tambi ndipo Flavia akajua kwamba ukalimani ulikuwa kibarua tu. Jovitus alikuwa mwanafunzi wa historia, mwaka wa nne Guangzhou, na alikuwa anaandika tasnifu yake.

"Kuhusu nini?"

"Maonyesho ya dunia ya Saint Louis, Marekani, mwaka 1904."

"Mwanaume mzima unaandika habari za maonyesho? Walionyesha nini, fulana?"

"Mashine, taa za umeme, na watu."

"Watu si ndio wateja?"

"Watu wa kuangaliwa, Flavia. Walileta Wafilipino, wakaleta vijana wa Kongo, wakawaweka uwanjani watazamwe. Mmoja alikuwa na meno ya kuchongwa kama ilivyo kwao. Watu wakawa wanatoa senti tano awafungulie mdomo."

"Mungu wangu!"

"Na Wachina waliokwenda kuuza bidhaa wakadaiwa dhamana na picha kabla ya kuingia nchini, kama wezi. Halafu kwenye banda la nchi yao kukawekwa vinyago vya wavuta kasumba na wanawake waliofungwa miguu. Wachina waliokuwa kule waliona aibu, wakalalamika."

Flavia akaweka vijiti chini. "Ningekuwa mimi, ningebomoa lile banda kwa mikono yangu."

Jamani, maneno ni rahisi ukiwa umeshiba tambi.

Mapenzi yao yalikwenda mbio. Flavia aliporudi Dar, simu ikawa haikauki.

"Haloo, mkalimani wangu."

"Nani kakwambia mimi ni wako?"

"Bili ya simu imeniambia. Umekula, baba?"

"Nimekula tambi. Nakula tambi, naota tambi. Njoo unipikie ugali, mama."

Mwezi wa sita Flavia akaja kweli, na unga wa sembe ndani ya sanduku. Wakaenda bustani ya Yuexiu. Jovitus alivaa fulana nyeupe ya sampuli kutoka kwa Liang, akaegemea ukingo wa daraja akicheka, kifua mbele, na Flavia akampiga picha. Picha ile akaitia kwenye pochi. Kila akiitoa kuitazama, moyo unamwenda mbio.

Sasa hapa ndipo ninapomkasirikia Flavia, ingawa nampenda. Mwezi wa nane, safari nyingine, alikwenda kiwandani peke yake, Jovitus akiwa maktaba na tasnifu yake. Liang alitaka picha ya kuchapa kwenye maboksi, maana kila mfanyabiashara mkubwa alikuwa na chapa yake. Flavia, kwa mahaba na majivuno, akatoa ile ya pochini. Baada ya siku mbili mchoraji wa kiwanda akaleta kazi yake. Sura ilikuwa ya Jovitus, hata kicheko chake. Lakini mkononi ametiwa mkuki, puani mfupa, kiunoni ngozi ya chui, na meno yamechongwa mithili ya misumari.

Flavia aliangua kicheko cha aibu. "No good, laoban," akamwambia bosi yule. Liang akabonyeza kikokotoo, akaandika, akaonyesha kwa vidole: chapa hii nakupa wewe peke yako, Tanzania nzima.

Msinidanganye kwamba hakuelewa. Alielewa. Alikumbuka senti tano za Saint Louis, akazikumbuka vizuri sana. Akajiambia maboksi yanakwenda moja kwa moja Kariakoo, yatachanwa, Jovi hatayaona maisha. Akaandika "OK", akasaini.

Oktoba maonyesho yakafunguliwa tena. Asubuhi ya siku ya pili simu ikalia hotelini kwake, karibu na barabara ya Zhanqian.

"Flavia." Sauti ya Jovitus ilikuwa ndogo. "Mbona mimi nimesimamishwa mlangoni pa banda la Liang?"

"Umesimamishwaje?"

"Bango la mbao, urefu wangu mwenyewe. Nina mfupa puani. Watu wananikumbatia wanapigwa picha. Flavia, ni picha yako ile."

Hapo angeweza kusema kweli. Mdomo ukatangulia. "Sijui lolote, mpenzi! Huyo mzee kajichukulia tu!"

"Nilijua si wewe," Jovitus akasema, akashusha pumzi. "Njoo, nitamtolea uvivu mbele yako."

Flavia akavaa gauni la kwanza alilolikuta, jicho halina wanja, akaenda. Jovitus alikuwa amefunga tai. Akamshika mkono, wakapita pembeni ya lile bango bila kulitazama, akaanza kumbwatukia Liang kwa Kichina mpaka mabanda ya jirani yakanyamaza. Liang hakubisha. Akafungua faili, akatoa karatasi, akaiweka mezani na kusema maneno machache.

Jovitus akaiinamia ile karatasi.

"Anasemaje?" Flavia akauliza, na alikuwa anajua.

"Anasema..." Jovitus akavua miwani, akaivaa tena. "Anasema karatasi hii ulisaini wewe, tarehe tisa Agosti. Anasema ulicheka. Anasema uliandika OK."

Hakupunguza, hakuongeza. Flavia alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mwambie ni kweli," akasema.

"Mimi Kiswahili nakijua, Flavia. Huna haja ya kunipitisha kwa Liang."

"Mwambie na yeye asikie! Niliuona mkuki, nikauona mfupa, nikakumbuka yote uliyonihadithia, na nikasaini. Halafu asubuhi hii nikakudanganya kwenye simu. Mwambie naona aibu mbele yake na mbele yako. Mwambie maboksi yale ayachane, mzigo siuchukui."

Jovitus akayatafsiri yote, neno kwa neno, kwa sauti ya msoma taarifa ya habari. Liang akatazama chini. Flavia akaliendea bango, akalivuta. Mzungu mmoja mwenye kamera akamwomba kwa adabu asubiri kidogo, ni picha moja tu. Flavia alilia pale pale, analia anavuta, mpaka mbao ikakatika kwenye magoti ya ile picha. Alipogeuka, Jovitus alikwisha kuondoka.

Siku tisa alipiga simu bwenini kwa Jovitus. Mlinzi akawa na jibu moja, mei you, hakuna, hayupo. Flavia akafunga masanduku matupu. Wateja wa Kariakoo walikuwa wanasubiri mzigo, naye hana la kuwaambia. Asubuhi ya safari simu ikalia.

"Bado nina hasira," Jovitus akasema.

"Una haki, baba. Usinisamehe haraka."

"Nyamaza kwanza, na mimi nina langu. Siku ile, kabla sijakupigia, nilisimama pale saa nzima. Mama mmoja akanitazama, akalitazama bango, akaniuliza, ni wewe? Nikamwambia hapana, simjui mtu huyo. Miaka miwili nawaandika watu wale wa Saint Louis, Flavia. Siku yangu ilipofika, nikajikana."

"Jovi, aibu ile ni yangu mimi. Usiibebe."

"Nimeshaibeba. Ninachotaka kujua ni kama bado unanitaka."

Flavia akakaa chini sakafuni, waya wa simu umenyooka. "Nakutaka. Lakini siwezi kuolewa na mtu niliyemuuza bila kwetu kujua nilichofanya. Njoo Desemba. Nitamweleza baba mimi mwenyewe, wewe ukiwepo unasikia, na sipunguzi kitu. Akiona aibu kuwa na binti kama mimi, basi."

"Mzee wako anaitwa nani?" Jovitus akauliza.

"Ernest."

"Kwenu mkwe anamwamkiaje baba wa msichana, anasimama au anapiga goti?"

"Anapiga goti," Flavia akasema, akilia.

"Basi tutapiga wote wawili."