Waya Chini ya Kiti

Gari lilikuwa limezimwa, milango imefungwa, funguo ziko mfukoni mwa fundi, na bado mita ilionyesha kuna kitu kinakula umeme.

Watu walimwita Fundi Mita, maana alipima kila kitu. Walisema hata sukari ya chai huipima kabla ya kukoroga. Siku hiyo hakuwa na hamu ya utani. Gari lilikuwa la mkewe, mkunga, na kwa wiki nzima kila asubuhi betri iliamka imekufa. Mzazi mmoja alikuwa amejifungua peke yake sakafuni huku mkunga akizungusha ufunguo na gari likimjibu kwa kukohoa. Jambo hilo lilimkosesha mkewe usingizi.

Altaneta, kifaa kinachochaji betri, alikwishaipima. Injini ikinguruma, ilichaji volti kumi na nne, safi kabisa. Mkanda ulikuwa umekaza, betri yenyewe mpya. Basi umeme ulikuwa unaingia vizuri. Shida ilikuwa unakopotelea. Akaifunga mita kati ya betri na waya wake, akaanza kuchomoa fyuzi moja moja: redio, taa, honi. Ukichomoa fyuzi ya mwizi, mita hushuka, na hivyo ndivyo mwizi wa umeme anavyokamatwa. Alizichomoa zote mpaka sanduku likabaki mapengo kama kinywa cha kibogoyo, na mita haikushuka hata kidogo.

Ndipo akasikia. Chini ya kiti cha dereva, taratibu, sauti ya mtu anayekunywa maji. Funda moja, kimya, funda jingine.

Alifunua kapeti akauona: waya mweusi, mwembamba, umetoka upande wa betri ukaingia ndani ya sponji ya kiti. Aliushika. Ulikuwa na joto la mkono wa mtu, na ulinuka nywele zilizoungua.

Kila fundi wa umeme huambiwa siku ya kwanza kwamba waya usioujua mwisho wake haukatwi. Unaufuata mpaka ukomo wake, hata kama ni kupasua kiti. Yeye mwenyewe aliwafundisha wengine hivyo hivyo. Lakini simu ililia.

"Bwana, kuna mama ameshikwa na uchungu tangu alfajiri," mkewe alisema. "Gari liko tayari?"

"Liko tayari," alijibu, akachukua koleo, akaukata.

Mita ikaanguka hadi sifuri. Alijipongeza, mjinga yule. Haraka haraka haina baraka, alijua, lakini mke akiwa anasubiri, methali hukaa pembeni.

Betri haikufa tena. Aliyeanza kufa ni mkunga.

Jioni ile alirudi mikono inamtetemeka. Kesho yake akashindwa kubeba ndoo. Mashavu yakabonyea, macho yakaingia ndani, na hospitali wakampima damu wasione kitu. Hata hivyo aliendelea kuendesha, kwa kuwa watoto hawaahirishi kuzaliwa.

"Kile kiti," alimnong'oneza mumewe. "Nikikaa, nasikia mdomo mgongoni. Usimwambie mtu, watasema nina wazimu."

Fundi aliingiwa na hofu ambayo hakuwa amewahi kuijua, na jioni alipokaa kando ya kitanda akimsikiliza mkewe akipumua alisikia chini ya pumzi zile, mbali kwanza kisha karibu, kisha karibu zaidi, funda moja, kimya, funda jingine, akaelewa kwamba sauti ile haikuwa imekoma siku alipokata waya, ilikuwa imehama tu, na aliyeihamisha ni yeye.

Mganga wa majini aliyemwendea alikuwa mwanamke mnene aliyeshona sare za shule. Alimsikiliza bila kusimamisha cherehani.

"Ulikata bila kuufuata?"

"Nilikata, mama."

"Jini alikuwa anakunywa betri, ametulia zake. Umemnyang'anya kikombe, sasa anakunywa aliye karibu." Alikata uzi kwa meno. "Uunge tena. Akirudi kwenye betri, ing'oe. Nitaibeba na yeye humo ndani."

Jua lilikuwa linazama walipomkalisha mkunga kwenye mkeka, kando ya gari, pale uani. Fundi aliifunga mita, akauunga waya. Mganga akaanza kusoma kwa sauti ya chini, na mita ikaanza kupanda, na taa za mbele zikawaka zenyewe zikiwa nyekundu, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa ua mzima, na mkunga akalala chali mdomo wazi huku vidole vyake vikikwaruza mkeka, na mita ikazidi kupanda hata mshale ukagonga ukingo ukabaki unatetemeka pale.

"Sasa," mganga alinong'ona.

Fundi aling'oa betri. Kila kitu kikazima. Mganga akaifunga kwenye kitambaa, akaondoka nayo bila kuaga.

Usiku huo mkunga alikula sahani mbili na kumtania mumewe kwamba amekonda kama mshale wa mita yake. Fundi alikwenda stoo, akalia kwa furaha.

Aliamshwa na mngurumo wa injini. Alitoka pekupeku. Gari lilikuwa linanguruma uani, boneti iko wazi, na pale pa betri palikuwa patupu, nyaya mbili zinaning'inia. Mkewe alikuwa ameketi kwenye usukani, mashavu yamejaa, anang'aa kuliko siku ya harusi yao. Funguo zilikuwa bado msumarini ndani ya nyumba.

"Nimepigiwa simu," alisema kwa upole. "Kuna mtoto anazaliwa. Nifungulie geti, mume wangu."

Fundi alimtazama. Alikuwa mzima. Hilo ndilo alilokuwa ameliomba.

Akashusha boneti, akaenda kufungua geti.