Askari-Mnuizi wa Mlango wa Saba

Upanga ulishuka na neno likatoka kwa wakati mmoja. Joka la mawe lililolinda mlango wa sita likapasuka kuanzia pembe hadi mkia, na kabla vipande havijagusa ardhi vilikuwa vimegeuka maji. Watu waliojaa mbele ya kioo kikubwa cha Ukumbi wa Njozi, katikati ya jiji la Tabora, waliinuka wakapiga vigelegele. Miaka kumi na minne ya mchezo ule, hakuna shujaa aliyewahi kufika pale akiwa na upanga mkononi na manuizo mdomoni.

Nyuma ya kioo, kwenye chumba kidogo chenye baridi, hakukuwa na joka wala upanga. Kulikuwa na vitanda viwili, watu wawili wazima waliovaa kofia-njozi, na binti mmoja aliyekaa kwenye stuli katikati yao, akitazama vidole vyao vya miguu.

Binti huyo aliitwa Zawena, na kazi yake ilikuwa mlinzi wa miili. Mchezaji akishavaa kofia-njozi, akili yake yote inahamia ndani ya mchezo, na mwili unabaki kama nguo iliyovuliwa. Lazima awepo mtu wa kuuangalia usipaliwe na mate, mkono usilaliwe ukafa ganzi. Zawena aliishia darasa la saba, lakini kazi ile haikutaka vyeti. Ilitaka mtu anayeweza kutazama kutwa nzima asichoke.

Sheria ya mchezo ilikuwa moja, na ilikuwa ngumu. Anayeingia huchagua njia: ama anakuwa askari, anavaa chuma na kupigana, ama anakuwa mnuizi, ambaye silaha yake ni maneno. Chuma kinafukuza manuizo. Mnuizi anataka moyo uliotulia kama maji ya mtungini, na moyo wa askari kila saa unakimbia kwa hofu. Waliojaribu kuchanganya njia zote mbili waliangushwa mchezoni kwenye mlango wa kwanza, nusu askari, nusu mnuizi, upanga umewaponyoka na neno limewakwama kooni.

Ndipo Mhandisi Kyaruzi, fundi wa Ukumbi ule, akatengeneza mshono. Ulikuwa waya mnene kama kidole gumba, unaounganisha kofia mbili, na watu wawili wakawa shujaa mmoja. Huyu anatoa mikono, yule anatoa ulimi.

Mikono ilikuwa ya Gaudensi Komba, fundi wa kuchomelea vyuma, Mngoni wa Songea. Ulimi ulikuwa wa Mama Kalunde, mwalimu mstaafu, Mnyamwezi wa palepale Tabora. Kyaruzi aliwajaribu watu wengi kabla yao, ndugu kwa ndugu, mke na mume, wote wakagombana ndani ya kofia. Hawa wawili walidumu kwa sababu walikuwa watani. Mngoni na Mnyamwezi wanatukanana toka asubuhi na hakuna anayenuna.

"We Mnyamwezi, umechelewa," Gaudensi alisema asubuhi ile ya mlango wa saba, akijilaza kitandani. "Au ulikuta mzigo wa mtu njiani ukaubeba? Najua ukoo wenu mkiona mzigo mabega yanawawasha."

"Afadhali sisi tuliobeba," Mama Kalunde alimjibu, akivua viatu na kuvipanga vizuri chini ya kitanda. "Babu zako walitembea kutoka huko kusini na ngao tu. Hata sufuria hawakukumbuka! Mpaka leo mnaazima za watu. Zawena mwanangu, nifungie kofia. Huyu asije akaniambukiza ujinga kabla ya saa."

"Leo ndiyo leo, mama," Zawena alisema.

"Leo ndiyo leo. Nimefundisha watoto kusoma miaka thelathini, hakuna aliyenipigia makofi. Leo watanipigia."

Gaudensi akacheka. "Watanipigia mimi. Tangu nivae kofia hii sijaogopa kitu hata mara moja. Joka linanijia, moyo wangu kimya kama nimelala. Hiyo damu ya Kingoni, mtani. Hainunuliwi."

Zawena aliunganisha mshono. Taa mbili ndogo, moja kila kofia, zikawa rangi moja.

Ukutani palikuwa na kengele ya uhai. Kengele ile husikiliza vitu viwili: moyo wa mchezaji, na maneno yake, kwani yanayosemwa ndani ya mchezo hutoka pia kwenye midomo ya mwili, taratibu, kama ya mtu anayeota. Moyo ukipita mstari uliowekwa, au mtu akitamka neno la hatari, kengele inalia na mchezo unakatika wenyewe. Mhandisi Kyaruzi alikwisha kuupandisha mstari wa moyo wa Mama Kalunde. Zawena alipomuuliza sababu, alimwambia, "Mnuizi wa mshono ana kazi nyingi, binti. Ni kawaida." Zawena akakubali, maana yule ndiye aliyesoma.

Lakini maneno aliyapunguza yeye mwenyewe, Zawena.

Ilikuwa hivi. Watani wale kila siku walikuwa wanakufa. Gaudensi akikosea hatua, Mama Kalunde anapiga ukelele: "Nakufa mie! Mngoni ananiua, na kwao hata sanda hawana!" Kengele inalia. Mchezo unakatika, wanaanza upya toka mlango wa kwanza. Siku moja ulikatika mara kumi na moja. Gaudensi akamwomba Zawena, tena kwa upole: "Mdogo wangu, hii mashine haijui utani. Ifundishe." Mashine ikaandika kwenye kioo chake: Neno "nakufa" lisisikilizwe tena chumbani humu? Zawena akamtazama Mama Kalunde, na Mama Kalunde akasema, "Bonyeza, mwanangu, tutazeeka kwenye mlango wa kwanza." Akabonyeza. Mashine haikujua utani, yeye aliujua. Alijiambia kwamba atasikiliza kwa niaba yake.

Mlango wa saba ulilindwa na mfalme asiye na uso. Ili umshinde, lazima upigane naye bila kupumzika muda wote nuizo linaposomwa, na nuizo lenyewe lilikuwa na mistari arobaini. Upanga ukisita, neno linafutika. Neno likisita kupita pumzi tano, upanga unavunjika.

Mstari wa kumi, Gaudensi alikuwa anacheka usingizini. Mstari wa ishirini, vidole vya miguu vya Mama Kalunde vilijikunja kwa nguvu, vikajikunjua, vikajikunja tena, vikifuata kila pigo la upanga. Zawena alikwisha kuona hilo siku nyingi: anayepigana ni Gaudensi, anayejikunja ni mama. Aliweka kiganja chini ya unyayo wake. Ulikuwa baridi na umelowa jasho.

Mstari wa thelathini na tano, mfalme alirudi nyuma, na mlango ukaanza kufunguka. Huko nje watu walianza kuhesabu kwa sauti moja. Thelathini na sita. Thelathini na saba. Thelathini na nane.

Midomo ya Mama Kalunde ikaacha nuizo.

"Gaudensi," ilisema. "Nakufa."

Kengele haikulia.

"Beba, Mnyamwezi!" Gaudensi alijibu, amejaa furaha. "Beba, tumefika!"

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Zawena naye alitabasamu, akangojea tusi. Lazima lingekuja tusi, la ngao, la sufuria, la sanda. Alingojea pumzi moja. Ya pili. Ya tatu. Katika ile ya nne ndipo alipokumbuka kwamba miaka miwili yote ya kuwalinda hajamsikia mama akimwita yule mtu kwa jina lake.

Vidole vya miguu vilikuwa vimenyooka.

Aliung'oa mshono kwa mikono miwili. Nje, kwenye kioo, shujaa alianguka kifudifudi mbele ya mlango uliokwisha kufunguka kiasi cha kupita mtu, na watu wakazomea. Zawena hakuwasikia. Alikuwa juu ya kifua cha Mama Kalunde, anakandamiza kama alivyofundishwa, akihesabu, akisema, "Mama, mtukane. Mtukane basi, mama." Aliendelea hivyo mpaka daktari alipofika akamshika mabega.

Kitanda cha pili, Gaudensi alikuwa ameketi, kofia mkononi, anatetemeka mwili mzima.

"Naogopa," alisema, kama mtu anayeshangaa. "Zawena, mbona naogopa hivi?"

Mhandisi Kyaruzi alisimama mlangoni. Alizungumza chini chini, macho kwenye waya uliolala sakafuni.

"Manuizo yanataka shujaa asiye na hofu. Hofu ya askari hatukuweza kuifuta, tulijaribu kila njia. Ilibidi ikae mahali. Mshono ulikuwa unaivusha."

"Unaivusha kwenda wapi?" Gaudensi aliuliza.

Kisha Gaudensi mwenyewe akageuka akatazama viatu vilivyopangwa chini ya kitanda cha Mama Kalunde.

"Ni mimi niliyebonyeza," Zawena alisema.

"Ni mimi niliyekuomba," alisema Gaudensi.

Siku ya maziko watu walikuwa wengi, wakiwemo wanafunzi wake wa zamani, baadhi yao wana mvi. Kwa desturi, mtani ndiye mwenye ruhusa msibani. Yeye anaweza kumsema marehemu, kujilaza kaburini, kuwafanya wafiwa wacheke wakiwa na machozi. Kwa hiyo walimngojea Gaudensi. Alikuwa mbele kabisa, jeneza begani, na kila aliyetaka kumpokea alimkatalia kwa kichwa. Alilibeba toka barabarani mpaka shimoni, na wote walimwona akitetemeka, maana sasa hofu yake yote aliibeba mwenyewe.

Walipolishusha, kaka wa marehemu alisema, "Haya, Mngoni. Sema basi. Dada yetu asiondoke kimya."

Gaudensi alifungua mdomo, ukabaki wazi. Zawena, aliyemtazama miaka miwili, alielewa: mdomo ule ulikuwa umezoea kwamba ulimi anatoa mwingine. Watu wakaanza kutazamana.

Kisha sauti ikatoka, ya kukwaruza.

"Haya, Wanyamwezi, njooni mtazame maajabu. Leo Mngoni ndiye aliyebebeshwa mzigo." Akapangusa pua kwa mkono. "Na we mama, uzito wote huu, ulikuwa unakula nini?"

Kicheko kilipasuka pande zote za kaburi, na ndani yake akina mama wakaanza kulia. Gaudensi hakucheka wala hakulia. Aliinamisha kichwa upande, kama alivyokuwa akiinamisha chini ya kofia, akangoja ajibiwe.

Zawena naye alijikuta anangoja. Ilipofika pumzi ya nne, alikwenda akamshika mkono.