Alama ya Dole Gumba

Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, Chiriku alichukua ndoo na kuzunguka nyuma ya nyumba. Bomba la maji lilikuwa mbele, karibu na karakana ya baba yake, na mtu yeyote mwenye haraka angepita mbele. Yeye alizunguka. Alisimama chini ya dirisha la chumba alicholala na mdogo wake, akatazama huku na huku kama mwizi wa kuku, kisha akaweka dole gumba lake kwenye kona ya chini ya kioo, upande wa kushoto. Hapo, katika puti iliyokauka siku nyingi, palikuwa na alama ya dole gumba la mtu mzima. Hata mistari ya ngozi ilionekana. "Shikamoo, mama," alisema kimoyomoyo, ndipo akaenda kuteka maji.

Puti ni lile donge laini la chaki na mafuta linalokandwa kama unga, kisha likapakwa kuzunguka kioo ili kisicheze ndani ya fremu na maji yasipenye. Mama yake Chiriku aliijua puti kuliko mtu yeyote mtaani. Baba alichonga fremu za madirisha, mama akatia vioo, na watu walimwita Mama Vioo. Alimfundisha binti yake kuikanda mpaka iache kunata vidoleni, kukilaza kisu kidogo, na kukivuta mara moja bila kusita mpaka kwenye kona. "Ukisita, itaonekana," alizoea kumwambia.

Jina la Chiriku alipewa na mama huyohuyo, kwa kuwa mtoto alikuwa akiongea tangu anafumbua macho hadi usingizi umkate kauli. Lakini maradhi yalimlaza mama, na hospitalini alikopelekwa hakurudi. Tangu mazishi, ukimuuliza Chiriku maneno kumi alikujibu moja, tena kwa shida. Alama ile aliigundua siku chache baada ya kuzika. Hakumwambia mtu. Moyoni alijua kwamba mama alimwachia yeye, ili waagane kwa mikono.

Sasa sikiliza balaa lilipoanzia. Siku moja upepo mkali ulilibamiza dirisha lile. Kioo kikapata ufa uliopanda kutoka kwenye kona ile ile ya alama. Chiriku alipoichunguza puti aliona imeanza kuachana na mbao, na mbao yenyewe ilikuwa laini kiasi kwamba ukucha ulizama. Alijua maana yake, maana alikuwa amelelewa karakanani. Kioo kitolewe, puti yote ya zamani ikwanguliwe hadi mbao ibaki uchi, mbao mbovu ikatwe. Yote. Na kona ile pia.

Jioni baba alirudi amechoka. Siku hizo alikuwa akitia madirisha kwenye jengo jipya upande wa pili wa mji, akiondoka alfajiri. Alinawa mikono, akaketi.

"Chiriku, nasikia upepo umewavunjia watu vioo mtaa mzima. Dirisha letu la nyuma lina hali gani? Wewe macho yako ni ya fundi."

"Ni zima, baba. Halina neno."

"Hata ufa?"

"Hata ufa."

Baba akaamini. Angeachaje kumwamini mtoto wa Mama Vioo? Wala hakunyanyuka kwenda kutazama. Muda mrefu sasa baba alikuwa hakanyagi nyuma ya nyumba ile, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Kesho yake Chiriku alichota puti kidogo karakanani akaupaka ufa wa kioo. Loo, mama yake angemcheka mpaka ashike mbavu! Puti haiungi kioo. Ilikuwa kazi ya kulipua tu, na yeye mwenyewe alijua. Alishusha pazia, akaenda shule.

Kisha mvua zikaanza. Kitanda cha mdogo wake kilikuwa chini kabisa ya dirisha. Mdogo huyo waliyemwita Kibonge, mtoto wa mashavu na maswali mengi, aliamka asubuhi godoro limelowa upande mzima.

Aliyeliona kwanza ni shangazi, dada yake baba, aliyehamia kwao baada ya msiba ili awalee. Shangazi alikuwa na moyo mweupe, ila sauti yake ilifika nyumba ya tatu.

"Yarabi! Kibonge! Mwanamume mzima, mwakani unaanza shule, bado unakojoa kitandani?"

"Sijakojoa mimi!"

"Kumbe nani, paka? Chiriku, hebu niambie wewe. Nani kalowesha godoro hili?"

Chiriku alilitazama pazia. Nyuma yake kulikuwa na dirisha, na kwenye dirisha kulikuwa na dole gumba la mama.

"Ni yeye," akasema.

Kibonge hakulia. Alimgeukia dada yake mdomo wazi, akamtazama tu, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Chiriku alishindwa kuyatazama macho yale, akajifanya anatafuta viatu.

Tangu siku hiyo Kibonge alinyimwa maji ya kunywa jioni. Watoto wa jirani, ambao masikio yao hayakuhitaji kutegwa kwa sauti ya shangazi, wakampa jina la Kikojozi. Chiriku alijaribu kushindilia matambara dirishani. Yalilowa yakadondokea kitandani. Alifikiria kukisogeza kitanda, akaona shangazi atauliza sababu. Basi kila mvua iliponyesha godoro lililowa, likaanikwa uani mbele ya macho ya watu, na wakati mwingine jua lilikataa kutoka, likarudishwa ndani bichi.

Jioni moja, taa ikiwa haijazimwa, Kibonge alimwita polepole.

"Dada."

"Nini?"

"Kwani mtu anaweza kukojoa halafu asijue?"

Chiriku alijifunika shuka hadi kichwani. "Lala," akasema. Chini ya shuka aliuma kidole ili asilie kwa sauti.

Kikohozi cha Kibonge kilianza kama mzaha. Baadaye ikaja homa, na mchana mmoja Chiriku alirudi kutoka shuleni akamkuta shangazi anafunga kanga haraka haraka, Kibonge amebebwa mgongoni, anahema mbiombio na mbavu zinaingia ndani. Walikimbia zahanati. Baba aliitwa kazini, akafika na vumbi la mbao bado nyweleni.

"Ni homa ya mapafu," muuguzi aliwaambia alipokwisha kumpa dawa. "Mmefanya vizuri kumleta, lakini tutamlaza hapa tumwangalie. Nyumbani analala mahali pakavu?"

Shangazi aliinamisha macho kwa haya. "Godoro linalowa, muuguzi. Ana tatizo la kukojoa."

Kibonge aliyasikia. Midomo ilikuwa imemkauka, sauti haitoki vizuri. Alimtafuta baba yake kwa macho.

"Samahani, baba," akasema. "Sitarudia tena."

Chiriku alisogea karibu na kitanda. Mtoto alikuwa anaomba radhi kwa kosa ambalo si lake, huku pumzi yenyewe anaitafuta.

"Hakukojoa!" Sauti ilimtoka kubwa, hata wagonjwa wengine wakageuka. "Hakukojoa hata siku moja! Ni mvua! Kioo kina ufa, mbao imeoza, nami nilijua, nilijua tangu siku ya upepo! Nilikudanganya, baba. Ukitia kioo kipya utakwangua puti, na kwenye puti kuna kidole cha mama. Kipo pale pale! Kila siku nakishika. Ndiyo maana nikasema ni yeye, shangazi, mimi ndiye niliyesema ni yeye..."

Maneno ya mwaka mzima yalimwagika pamoja na machozi, mpaka akaishiwa pumzi. Shangazi alishika mdomo. "Mungu wangu," alisema, safari hii kwa sauti ndogo, "nami nilikuwa namnyima maji mtoto wa watu."

Baba hakupandisha sauti, wala hakuinua mkono. Uso ulikuwa umemsawajika. "Usiniambie mimi kwanza," akasema. "Mwambie yeye."

Chiriku alipiga magoti kando ya kitanda. "Kibonge, hukukojoa. Nilikusingizia. Ilikuwa mvua. Nisamehe."

Kibonge alifikiri kidogo. "Kwa hiyo mimi si kikojozi?"

"Wewe si kikojozi."

"Waambie na wale wa jirani."

"Nitawaambia wote."

"Haya," alisema Kibonge, akafumba macho. Hakusema kama amemsamehe.

Asubuhi iliyofuata shangazi alibaki zahanati na mgonjwa. Kabla ya jambo lingine lolote Chiriku alikwenda kwa jirani, akasimama mbele ya watoto wale na mama yao, akasema yote. Aliporudi alimkuta baba anamsubiri na kisanduku cha vifaa. Wakazunguka nyuma ya nyumba pamoja.

Baba alichuchumaa mbele ya dirisha. Aliitazama ile alama kwa muda mrefu, akashika tama.

"Unadhani aliiweka kwa nini?" akauliza.

"Aliniachia salamu."

Baba alitikisa kichwa. "Hili ndilo dirisha la mwisho alilotia kioo mama yako. Nilimkataza. Akaniambia watoto hawawezi kulala na dirisha wazi. Alipofika kwenye kona hii mkono ulimwisha nguvu, akajiegemeza kwa dole gumba asianguke. Mimi nilikuwa ndani ya chumba, nikamwona kupitia kioo. Jioni akaniambia, 'Pale kwenye kona pamebonyea, maji yatatuama. Kesho nitapasawazisha.' Usiku ule alizidiwa." Alipitisha kidole kando ya alama. "Ilikuwa kazi ya kisu mara moja, Chiriku. Fundi yeyote anajua kwamba puti ikibonyea maji hukaa, na yakikaa mbao huoza. Nilikuja na kisu mara ngapi, nikarudi nacho. Mwishowe nikaacha kupita huku."

"Kumbe na wewe ulijua?"

"Nilijua. Kosa hili ni letu wawili, mwanangu. Na aliyelowa ni Kibonge."

Walikaa chini ya dirisha wakalia, baba na binti, bila kuoneana aibu. Kisha baba alifungua kisanduku akatoa kisu cha mama, chenye mpini uliolainika kwa kushikwa, akampa.

"Anza na kona hiyo," akasema. "Ukiiacha ya mwisho hutaiweza."

Chiriku alipiga moyo konde. Aliweka dole gumba lake mle kwa mara ya mwisho, kisha akaingiza ncha ya kisu chini ya puti. Alitaka kipande kile kitoke kizima akiweke mahali. Kilitoka kizima kweli, kikakaa kiganjani kwa muda mdogo, halafu kikavunjika, kikawa chengachenga za chaki na mafuta yaliyokauka. Aliangua kilio. Baba alimshika bega, hakumwambia anyamaze.

Baada ya hapo kazi iliendelea kama kazi. Baba alivaa glavu nzito akatoa kioo kibovu, akakata mbao iliyooza na kuziba pengo kwa kipande kipya. Mbao ikapakwa mafuta, wakaiacha inywe. Baba alikata kioo kipya, kidogo kuliko fremu, ili fremu ikivimba kwa unyevu isikivunje, akakishikiza kwa misumari midogo. Puti aliikanda Chiriku. Aliikanda mpaka ikaacha kunata, akaipanga kuzunguka kioo, akakilaza kisu. Akavuta mara moja, bila kusita, mpaka kwenye kona.

Baba aliinama kuitazama. Mistari miwili ya puti ilikuwa imekutana pale bila shimo, bila mkunjo, mahali ambapo tone la maji lisingepata pa kukaa. Aliitazama mpaka Chiriku akaingiwa na wasiwasi.

"Nimekosea, baba?"

"Hapana." Sauti ya baba ilikwaruza. "Mimi mkono wangu haukuwahi kuiweza kona kama hii, kona ya mama yako. Nilidhani sitaiona tena."

Alifuta macho kwa mkono wa shati. "Sikiliza, Chiriku. Mama yako hakutia kioo hapa ili tumkumbuke. Alikitia ili ninyi msinyeshewe. Kumpenda ni kuendelea na kazi hiyo. Na siku nyingine huzuni ikikulemea, usiifunike kwa uongo, maana uongo humwumiza mtu mwingine asiye na habari. Njoo uniambie ukweli, hata ukiwa mchungu. Nami nitakuambia wangu. Tungekaa hapa tukalia tangu siku ile ya upepo, kisha tungefanya kazi, na Kibonge asingekuwa zahanati leo."

"Nimesikia, baba."

Kibonge alirudishwa nyumbani amekonda, mashavu yamepungua, shangazi amembeba kama yai. Godoro lilikuwa kavu. Hakutaka kulala, alitaka kwanza aonyeshwe dirisha kwa nje. Chiriku alimpeleka. Kibonge alilikagua kwa uso wa fundi mkuu, kisha akanyoosha dole gumba kuelekea kwenye kona.

"Na mimi niweke alama?"

Chiriku aliudaka mkono wake kabla haujagusa. "Usibonyeze. Bado laini."

"Kidogo tu."

"Hata kidogo. Mvua itaingia kwako."

Kibonge alimtazama, akacheka kwa mara ya kwanza tangu augue, kikohozi kikamkatiza. Hakuutoa mkono wake. Chiriku aliendelea kuushika, na mawingu yalipoanza kukusanyika waliingia ndani.